Deni la Mwanagenzi

Kila kazi ya mkono ina mlango wake, na kila mlango una kizingiti. Hapana fundi aliyezaliwa na ufundi kiganjani. Kila mmoja alikuwa mwanagenzi siku moja, na siku hiyo aliharibu kitu. Neno hili hukubaliwa na watu wote kwa wepesi kwa sababu husemwa kwa jumla. Likitolewa katika jumla na kutiwa katika mfano mmoja, huzaa swali gumu: kitu kilichoharibika kilikuwa cha nani? Waarabu wana msemo wa zamani juu ya mtu anayejifunza kuumika katika vichwa vya mayatima. Anayejifunza kazi ya pembe na wembe hawezi kuianza bila ya mwili wa mtu, na kichwa kinachopatikana kwa urahisi ni kile kisicho na baba wa kukitetea. Msemo huu haumlaumu mwanagenzi kwa kutojua. Humlaumu kwa kumchagua mtu wa kulipia kutojua kwake.

Kazi ya kung'arisha rangi ya gari kwa mashine yaweza kuonekana mfano mdogo mno kwa swali zito kama hili. Kichwa ni kichwa, na gari ni bati. Walakini udogo wa mfano huu ndio faida yake. Katika kazi nyingine, kinachopotea kwa ajili ya mafunzo hakina kipimo: hapana mizani ya kupimia saa walizopoteza watoto wa darasa la kwanza la mwalimu mpya, wala pishi ya kupimia hofu ya mgonjwa wa kwanza wa daktari kijana. Katika rangi ya gari kinachopotea kina unene, na unene huo una hesabu yake.

Rangi ya gari la siku hizi si kitu kimoja. Juu ya bati hukaa tabaka la kuzuia kutu. Juu yake hukaa rangi ya msingi. Juu ya hiyo hukaa rangi yenyewe, ambayo jicho huijua kwa jina la nyekundu au buluu. Na juu ya zote hulala vanishi isiyo na rangi, angavu kama kioo. Tabaka zote pamoja, kama zilivyotoka kiwandani, aghalabu huzidi kidogo tu sehemu 1 ya 10 ya milimita. Vanishi peke yake mara nyingi huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na mikroni 1 ni sehemu 1 ya 1,000 ya milimita. Unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Ngozi hii nyembamba ndiyo inayobeba mng'aro wote wa gari, na ndiyo inayoikinga rangi iliyo chini yake na miale mikali ya jua. Desturi ya kuweka vanishi juu ya rangi ilienea katika viwanda vya magari katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo magari mengi yalipakwa rangi isiyofunikwa, na mtu aliyeisugua aliiona ikihamia katika kitambaa chake. Hasara ilijitangaza yenyewe. Siku hizi vanishi huondoka bila ya rangi, na kitambaa hakitoi ushahidi.

Mkwaruzo nao ni nini? Ni bonde. Mwanga ukianguka juu ya uso ulio sawa hurudi pamoja upande mmoja, na jicho huona mng'aro. Ukianguka juu ya kingo za mabonde hutawanyika, na jicho huona kitu kama utando wa buibui uliolizunguka jua katika boneti. Mabonde mengi ya namna hii hayakuchimbwa na adui. Yalichimbwa na mwenye gari au mwoshaji wake, kwa kitambaa kilichobeba mchanga, katika kazi njema ya kusafisha. Mtu asiyejua, aonapo mashine na dawa ya kung'arishia, hudhani kwamba zimekuja kulijaza bonde. Dawa ile ina chembe ngumu ndogo mno, nazo zikizungushwa na mashine husaga uso unaolizunguka bonde mpaka nchi yote ishuke ikawa sawa na kina chake. Bonde likabaki mahali pake. Kilichoshuka ni vilima. Basi mng'aro huo hautokani na kitu kilichoongezwa katika gari. Unatokana na kitu kilichoondolewa, na kilichoondolewa hakirudi.

Kwa sababu hiyo kazi hii haifanani na useremala wala ushonaji katika jambo moja kubwa. Seremala mwanagenzi akikata ubao vibaya, ubao mwingine hutafutwa. Mshonaji akikosea mshono, hufumua na kushona tena. Mng'arishaji hana mshono wa kufumua. Kila somo analolipata hulinunua kwa sarafu iliyomo katika mfuko mmoja tu, na mfuko huo si wake.

Mashine za kazi hii ni za namna mbili hasa. Ya kwanza huzunguka katika mhimili mmoja kama jiwe la kunolea. Ina nguvu, hukata upesi, na hutia joto. Ikisimama mahali pamoja kupita kiasi, au ikipita juu ya ukingo wa mlango ambapo rangi ni nyembamba, yaweza kuila vanishi ikafika katika rangi, na kuila rangi ikafika katika msingi. Ya pili huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja, na ikikandamizwa sana, mzunguko wake hupungua au hukoma kabisa. Hii ndiyo inayosifiwa kwa wanagenzi. Waliyoiunda wameutia ndani yake ukomo ambao mkono mchanga bado haujaupata.

Walakini hata mashine ya pili haiwezi kumkinga mwanagenzi na furaha yake. Katika dakika chache za kwanza huona ajabu: mahali palipokuwa na ukungu hutokea kioo, na ndani ya kioo hicho huiona sura yake mwenyewe. Moyo humwambia kwamba ikiwa mapito manne yamefanya haya, mapito manane yatafanya mengi zaidi. Huongeza mkono, huongeza mwendo wa mashine, hubadili sifongo laini akatwaa pedi ya sufu. Uvivu haujapata kumla mwenye gari kama bidii ya namna hii inavyomla. Mvivu huacha gari kama alivyolikuta. Mwenye bidii isiyo na elimu huliacha likimeta na limedhoofika.

Na udhaifu huo hauonekani siku ile. Gari hutoka likiwaka, mwenyewe hutoa ujira na shukrani juu yake, na mwanagenzi hulala usingizi wa mtu aliyetenda mema. Vanishi iliyokondeshwa kupita kiasi yaweza kuvumilia miezi, pengine miaka, kisha hushindwa na jua. Hufifia, hufanya mabaka, huambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hapo hapana dawa ya kusugua tena. Dawa ni kupaka upya. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako jua la mchana ni kali mwaka mzima na magari mengi hushushwa bandarini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, akiba ya vanishi yamkini imekwisha kuliwa na wengine kabla ya mwanagenzi kufika: imeliwa na jua, imeliwa na mwoshaji, imeliwa na mng'arishaji wa kwanza ambaye jina lake halijulikani.

Huenda ikasemwa kwamba kipo kipimo cha unene wa rangi, na kwamba mwenye kipimo hawezi kupotea. Kipimo kipo, na ni chombo chema. Kikiwekwa juu ya bati husoma mikroni kwa hesabu. Lakini kipimo cha kawaida husoma jumla ya tabaka zote mpaka katika chuma. Hakisemi vanishi iliyobaki ni kiasi gani. Gari lililopakwa rangi mara ya pili laweza kusomwa kuwa nene na vanishi yake ikawa haba. Juu ya bampa ya plastiki, kipimo cha sumaku hakisemi neno. Basi hata fundi mkuu hutumia akiba ambayo hakika ya kiasi chake haijui. Tofauti yake na mwanagenzi ni kwamba yeye anajua kuwa hajui.

Ifikiriwe sasa hali ya watu wawili wenye magari. Mmoja ni tajiri, na gari lake jeusi limejaa utando wa buibui. Wa pili ni dereva wa teksi, na gari lake ndilo kazi yake, akiba yake na ada ya shule ya wanawe; ataka kuliuza apate jingine, naye anajua kwamba jicho la mnunuzi hutangulia katika rangi. Fundi mkuu hutaka malipo makubwa, nayo ni haki yake, maana kazi ya kweli yaweza kula siku nzima au zaidi. Mwanagenzi hutaka malipo madogo, au hataki kitu, kwa kuwa anatafuta mazoezi. Hapana haja ya kuuliza ni gari lipi litakalokwenda kwa nani. Gari la mtu anayeweza kulipaka upya bila ya kukosa usingizi hupata mkono uliokwisha kujua, na gari la mtu asiyeweza kulipaka upya kabisa hupata mkono unaojifunza. Hapa ndipo vichwa vya mayatima vilipo.

Mtetezi wa mwanagenzi ana hoja ya nguvu, na si haki kuipita. Aristotle, aliyeishi Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili katika kitabu cha pili cha Nicomachean Ethics. Alifundisha kwamba watu huwa wajenzi kwa kujenga na wapiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwa njia iyo hiyo huwa wenye haki kwa kutenda haki. Mkono hausomi vitabu. Mtu aweza kuambiwa mara mia kwamba mashine iende polepole, kwamba pedi ilale sawasawa juu ya bati, kwamba kila pito lifunike nusu ya pito lililotangulia. Na bado siku ya kwanza mashine itamvuta kama mbwa anavyomvuta mtoto kwa kamba. Maadamu ufundi hupatikana kwa kutenda tu, asema mtetezi, lazima pawe na gari la kwanza, na lazima gari hilo liwe la mtu. Watu wote wakiwanyima wanagenzi magari yao, mafundi watakufa bila ya warithi, na hata tajiri atakosa wa kumng'arishia. Hasara ya gari la kwanza basi ni kodi ambayo jamii hulipa ili iwe na mafundi.

Hoja hii ni kweli kwa nusu yake. Ni kodi, lakini kodi husifiwa kwa haki inapotozwa kwa wote kadiri ya uwezo wao, na hii hutozwa katika mlango mmoja, mlango wa maskini. Tena Aristotle mwenyewe hakuishia katika kutenda. Aliona kwamba kwa kujenga vizuri hutokea wajenzi wazuri, na kwa kujenga vibaya hutokea wabaya, na kwamba hii ndiyo sababu ya kuhitajiwa mwalimu. Mwanagenzi aliyeachwa peke yake na teksi ya mtu haharibu rangi tu. Hujifunza kuharibu, na kwa kuwa uharibifu wake unang'aa, hujifunza kuuita ufundi.

Mtetezi hurudi na hoja ya pili: dereva alikubali. Hakulazimishwa, aliambiwa bei ni nafuu kwa sababu kijana anajifunza, akatoa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikubali nini? Alijua kwamba huenda kazi isitoke nzuri. Hakujua kwamba kazi ikitoka nzuri nayo itakuwa imemgharimu. Alidhani kwamba anapokea mng'aro. Hakuambiwa kwamba anautoa unene. Ridhaa ya mtu asiyekijua anachokitoa ni nusu ya ridhaa, na mkataba wa nusu ya ridhaa humwelemea yule anayejua zaidi. Mwanagenzi mwenye adabu angemwambia hivi: "Mzee wangu, rangi hii ina ngozi nyembamba, na kila nikiing'arisha ninaipunguza. Mimi ndiyo kwanza naanza. Nitagusa kidogo, na mikwaruzo mingine itabaki." Yamkini mzee angechukua ufunguo wake akaenda zake. Basi na aende. Maana haki ya kwenda ndiyo inayoipa maana haki ya kubaki.

Je, ajifunze wapi mtu aliyeambiwa haya? Njia ya kwanza inajulikana katika gereji zote: boneti kuukuu, au mlango uliotolewa katika gari lililopata ajali. Juu ya kitu kilichotupwa mwanagenzi aweza kujua uzito wa mashine, mwendo wa mkono, na kiasi cha dawa. Aweza hata kuusugua ukingo kwa makusudi mpaka uungue, ili macho na pua yake vijue alama za ajali kabla ya ajali. Aliyekwisha kuuona ukingo ukiungua katika bati lisilo na mwenyewe hana haja ya kujifunza somo hilo katika bati la mtu.

Njia ya pili ni mwenendo wenyewe wa kazi. Gari huoshwa, hutolewa chembe zilizokwama kwa udongo maalumu, hukaushwa, na kingo zake hufunikwa kwa utepe wa karatasi. Kisha huchaguliwa kipande kidogo kisichozidi nusu ya mita kila upande, kikajaribiwa kwa sifongo laini na dawa iliyo dhaifu kuliko zote. Kipande hupanguswa, hutazamwa chini ya taa, na ikiwa kimetosha, hicho ndicho kipimo cha gari zima. Kisipotosha, hupandwa daraja moja tu. Sababu ya utaratibu huu ni ya hesabu kabla ya kuwa ya maadili: nguvu iliyopungua yaweza kuongezwa, lakini vanishi iliyozidi kuondolewa haiwezi kurudishwa. Pale ambapo kosa la upande mmoja husahihishwa na kosa la upande wa pili halisahihishwi, busara husimama daima katika upande wa kwanza.

Lipo jaribu jingine, nalo ni kinyume cha la kwanza. Baadhi ya dawa za kung'arishia zina mafuta yanayotulia ndani ya mabonde na kuyaficha. Gari huonekana limepona, kisha baada ya kuoshwa mara kadhaa mikwaruzo hurudi. Fundi mwaminifu hupangusa kipande chake kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili ajue kama bonde limekwisha au limefunikwa. Ajabu iliyopo hapa ni kwamba kuficha hakuidhuru rangi kama kukata kunavyoidhuru. Kwa gari lenye vanishi haba, kulifunika bonde kwa nta kwaweza kuwa tiba ya huruma kuliko zote. Ubaya basi haumo katika nta; umo katika ulimi. Kazi ile ile ni hila ikinyamaziwa, na ni hekima ikitajwa kwa jina lake mbele ya mwenye gari.

Njia hizi zote hulipunguza deni la mwanagenzi, wala hazilifuti. Boneti iliyotupwa haifundishi heshima, kwa kuwa hapana mtu wa kumhuzunikia. Siku itakuja ambapo mkono utatoka katika kitu kisicho na mwenyewe uingie katika kitu chenye mwenyewe, na siku hiyo mtu fulani atalipa mikroni kadhaa kwa ajili ya elimu ya mwingine. Nani alipe kwa haki? Ikiwa ridhaa ya kweli ni ya yule anayejua unene wa anachokitoa, na ikiwa kodi ya haki ni ya yule anayeweza kuibeba, basi yuko mtu mmoja aliyetimiza masharti yote mawili, naye ni fundi mwenyewe. Yeye anajua vanishi ni nini, aweza kusimama ubavuni mwa mwanagenzi na kuuzuia mkono kabla ya hasara, na hasara ikitokea ana dawa, ana mashine na ana rafiki mpaka rangi. Tena yeye ndiye mdaiwa wa zamani, maana alipokuwa mwanagenzi kuna gari lililompa elimu, na mwenyewe wa gari hilo pengine hakuambiwa lolote.

Fundi hutambulikana kwa mikwaruzo aliyoiacha. Akipitisha ukucha juu ya mkwaruzo na ukucha ukanasa, hujua kwamba kina chake kimezidi akiba, huzilainisha kingo zake kidogo, na huuacha ukae. Gari huishi na kovu lake na vanishi yake, na dereva huelezwa sababu. Lakini ufundi huo wa kuacha haukamiliki mpaka fundi alete gari lake mwenyewe kivulini, aweke mashine katika mkono wa kijana, na kumwambia aanze. Kichwa cha yatima husalimika siku ambayo mwumikaji aliyekwisha kujua kazi yake hukaa chini, huinamisha kichwa chake, na kumpa mwanagenzi wembe.